Ndama waliokufa Chamwino: ni kupe au ni ukame?

Ndugu mfugaji, umeeleza kwamba ndama wako huko Chamwino walivimba tezi chini ya masikio, wakapata homa kali, wakahema kwa shida na kufa huku mapovu yakiwatoka puani, na kwamba jirani mmoja analaumu kupe ilhali mwingine analaumu ukame. Wote wawili wanaweza kuwa na hoja, kwa kuwa kisababishi cha ugonjwa ni kitu kimoja na hali inayomdhoofisha mnyama ni kitu kingine.

Dalili hizo zinafanana sana na ndigana kali, ambayo husababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva na kuenezwa na kupe wa kahawia wa masikio. Kimelea hicho huvamia seli nyeupe za damu na kuzifanya zizaliane ovyo, ndiyo maana tezi huvimba. Baadaye mapafu hujaa maji, na ndama huzama akiwa nchi kavu. Njaa ya kiangazi haileti ndigana, ila hupunguza kinga.

Hata hivyo, dalili za nje pekee hazitoshi. Akiugua mwingine, mwite daktari wa mifugo achukue sampuli za tezi na damu angali hai. Lakini mnyama akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, msimpasue wala msile nyama yake, kwa sababu huenda ni kimeta, ambacho bakteria wake wakikutana na hewa hutengeneza spora sugu zinazodumu ardhini miaka mingi. Mjulisheni afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.