Mwanangu, Kikundi Chetu Kilianzia Kwenye Chupa za Uji

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Unasema akina mama wa mtaa wenu huko Mwanza wanataka kuanzisha kikundi cha Wakristo wa makanisa yote, wameshakaa vikao viwili, na vyote vimevunjikia kwenye sala ya kufungua. Ukaniuliza: "Mama, ninyi mliwezaje? Kilianzaje?" Kwa simu nisingekujibu nikaridhika, ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na mambo unayoyajua nusu. Babu yako alizaliwa Mlalo, ambako wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifungua kituo mwaka 1891. Ndiyo sababu ya sisi kuwa Walutheri. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Tanga alikuwa Mbondei wa Muheza. Wabondei walihubiriwa na UMCA, misheni ya Kianglikana, pale Magila, basi yeye akazaliwa Mwanglikana. Nyumba ya mbele aliishi mama Mha, Mkatoliki. Baba yake aliletwa kutoka Kigoma na Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 kuandikisha manamba kutoka mikoa ya mbali. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Mkonge ndio uliotukusanya mtaa mmoja, kila mtu na kanisa lake mgongoni. Hakuna kati yetu aliyekaa akapima mafundisho kisha akachagua. Kila mmoja alizaliwa mahali ambapo mmisionari fulani aliwahi kufika kabla ya mwenzake. Waambie hao wenzako walikumbuke hilo kabla ya kuulizana nani yuko sahihi.

Sasa chupa za uji. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Sisi akina mama wa Kilutheri tulikuwa tunakwenda hospitali ya Bombo kila Jumapili saa kumi jioni kuwaona wagonjwa. Kumbe na Umoja wa Wamama wa Kianglikana wanakwenda saa hiyo hiyo, na WAWATA, akina mama wa Kikatoliki, nao vivyo hivyo. Tulipishana mlangoni, tukasalimiana vizuri, kila kundi likaenda kwa mtu wake. Jumapili moja nilimkuta bibi mmoja ana chupa tatu za uji kwenye kabati la kitanda chake, zimepangwa mstari, na ya nne ni yangu. Kila kanisa lilimjua bibi yule, maana wanawe walioa na kuolewa huku na huku. Kitanda cha pembeni, karibu na dirisha, alilala mkata mkonge, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Kabati lake lilikuwa na kikombe kitupu cha bati, basi. Nikamuuliza kwao wapi, akanitajia kijiji cha mbali ambacho sijapata kukisikia tena. Nikamuuliza kanisa lake, nia yangu niwaambie watu wake. Akasema, "Mama, mimi nina njaa."

Nilimmiminia uji ule. Nilirudi nyumbani nimenyamaza, na usiku huo nikagonga kwa mama Mbondei, tukavuka wote wawili kwa mama Mha. Hatukuzungumza habari za umoja wa makanisa hata kidogo. Tulizungumza zamu: nani aende siku gani, nani apike, na orodha ya wagonjwa wasio na ndugu mjini ipatikane wapi. Kwa hiyo ukiniuliza kikundi kilianzaje, nakujibu kwamba kilianza kama zamu ya kupeleka uji.

Zamu inataka kikao, na kikao cha Wakristo hakifunguliwi bila sala. Hapo ndipo nasi tulipokwama, kama ninyi. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, tumekaa kwenye mkeka uani kwetu, chini ya mwarobaini. Mmoja akasema tusali Baba Yetu, hiyo haina ubishi. Tukaanza kwa sauti moja mpaka "jina lako litukuzwe". Baada ya hapo tukaachana. Sisi tunasema "ufalme wako uje", Wakatoliki "ufalme wako ufike". Sisi "mapenzi yako yatimizwe", wao "utakalo lifanyike". Sisi tunaomba riziki, wao mkate wa kila siku. Mwisho wakasema Amina, wakafumbua macho, na sisi ndio kwanza tunaingia "kwa kuwa ufalme ni wako". Mama Mha aliziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamlenga, akidhani amekosea mbele za watu.

Mama Mbondei ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri. Alimgusa goti, akasema, "Tuanze tena, polepole. Atakayemaliza amsubiri mwenzake." Ndivyo tunavyosali mpaka leo. Kila mtu anatumia maneno aliyofundishwa na mama yake, Wakatoliki wakifika mwisho wao wanainamisha vichwa, wanangoja, kisha tunaitikia Amina moja. Jaribuni hiyo kwenye kikao chenu.

Mama Mha alikuwa na hofu nyingine, kubwa kuliko ile. Alilelewa akiambiwa kwamba kusali na Waprotestanti ni dhambi. Alikwenda kwa padri wake, naye akamweleza kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitoa hati juu ya umoja wa Wakristo mwezi Novemba 1964, na kwamba sala ya namna hiyo si ya kuogopwa. Alirudi mbio kunieleza, kanga inamdondoka begani. Nakusihi, kama kuna Mkatoliki mwenye wasiwasi katika kikundi chenu, msimcheke wala msimsukume. Aende akaulize kwao, mwacheni arudi kwa miguu yake.

Baadaye tukaanza kuadhimisha Siku ya Maombi ya Dunia, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tatu. Ilitokana na maombi ya wanawake wa Marekani ya karne ya 19, na tangu mwaka 1927 ni ya dunia nzima. Kila mwaka wanawake wa nchi moja wanaandika ibada, na nchi nyingine zote zinaisali siku hiyo hiyo. Ilitusaidia sana, kwa kuwa ibada yenyewe haikuwa ya kanisa la mtu yeyote hapa Tanga. Ya mwaka 2020 iliandikwa na wanawake wa Zimbabwe, neno likiwa lile la Yohana sura ya 5: "Simama, jitwike godoro lako, uende." Siku kumi baadaye ikatangazwa korona imeingia nchini. Tukasimamisha zamu wenyewe, na lile neno la godoro nikawa nalikumbuka kila Jumapili ifikapo saa kumi.

Nisikufiche na ubaya. Walokole walipojiunga walituletea moto wa maombi, na mimi binafsi nilijifunza kwao kuomba bila kusoma kitabuni. Lakini mwenzetu mmoja akiwa zamu alimwambia mgonjwa wa Kikatoliki avue rozari yake, kwamba ndiyo inayomzuia kupona. Mgonjwa yule alilia usiku kucha. Wakatoliki wakaacha kuja, wiki hata wiki, na baadhi yao hawakurudi tena. Miezi mingi kikundi kilikuwa watu watano. Tulikwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, yule dada naye akiwa mbele yetu, na ilimgharimu kufanya hivyo. Tangu hapo tuna sheria moja tu iliyoandikwa: kitandani kwa mgonjwa hatuhamishi mtu kanisa. Mengine yote tunakumbushana kwa mdomo: mwenyekiti hubadilika kila mwaka kwa zamu ya makanisa, na sanduku la fedha lina kufuli mbili, funguo zake zinakaa kwa watu wa makanisa mawili tofauti.

Kuna jambo hatukuliweza. Meza ya Bwana hatujawahi kushiriki pamoja sisi wote. Mama Mha alipougua, padri alimletea Komunyo nyumbani, nikawa nimekaa mkekani pembeni ya kitanda kile ambacho nilikuwa nimekitandika mimi mwenyewe asubuhi. Padri akampa yeye, akanipita. Hakukosea, ndiyo taratibu ya kanisa lake, nami sikuinyoosha mikono. Lakini iliniuma, mwanangu, na inaniuma hata ninavyoandika.

Kikao chenu cha tatu msikikalie sebuleni kwa mtu. Tafuteni kwanza wodi au nyumba yenye mzee asiye na wa kumpikia, muanze kwenda wawili wawili, Mkatoliki na mlokole, Msabato na Mlutheri. Mpangie yule anayebisha zaidi aende na wewe. Kisha uniandikie mmefikia wapi.

Wasalimie wajukuu zangu, na baba yao mwambie nimepokea ile dawa ya miguu. Chupa yangu ya zamani, ile nyekundu yenye mfuniko uliopasuka, nimempa dereva wa basi akuletee. Bado inatunza moto.

Mama yako,
Tanga