Seng'enge njiani na tope chini ya mikorosho

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni mchuuzi wa samaki. Kila alfajiri napakia matenga mawili kwenye baiskeli pale Mayungu, nakata mashambani hadi Msabaha, nikiwauzia kina mama karanga, wale wakaangaji wa samaki. Njia hii babangu aliipita, na babu kabla yake. Sasa shamba moja limepata mwenyewe mpya, katia seng'enge na kuacha upenyo wa mtu mmoja. Nashusha matenga, napitisha baiskeli, napakia upya, na barafu inayeyuka. Mbele kidogo, chini ya mikorosho mitatu, mvua za mwaka zikianza ni tope hadi goti. Vijana wa vijiji viwili wamechanga shilingi 40,000, wanataka kuagiza lori za changarawe. Tuanzie wapi? – Mchuuzi, Mayungu

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Waambie vijana wasiagize lori bado.

Nimefanya kazi na magenge ya barabara miaka 28, tangu kushika sururu hadi kuwa nyapara, na kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu. Upande wa Mambrui tulimwaga lori 6 za changarawe kwenye bonde kama hilo lenu. Ilikuwa Machi, njia ikapendeza. Kufika Juni mawe yalikuwa yamezama kwenye tope na maji yamesimama juu yake. Nilipita siku moja nikamkuta mtoto wa shule kateleza, daftari zimetawanyika. Nikamsaidia kuziokota, wino wote umevuja. Akaniuliza, "Babu, si nyinyi mliotengeneza hapa?" Sikuwa na la kumjibu.

Njia ya miguu na baiskeli haimalizwi na magurudumu. Inamalizwa na maji. Kwa hiyo mvua ikinyesha, usikae barazani. Chukua vijiti, nenda pale mikoroshoni. Choma kimoja maji yanapoingia njiani, kingine yanaposimama, cha tatu yanapotokea. Fanya hivyo kwa mvua mbili tatu. Utaona maji yana upande wake wa kuingilia, na hapo, hatua mbili kabla ya njia, ndipo pa kuchimba mtaro wa kuyapeleka chini. Hiyo ni kazi ya majembe na siku chache za vijana, wala haiguswi pesa yenu.

Pale ambapo maji lazima yakate njia, msiyazibe. Pangeni mawe bapa ya machimboni yaliyoshikamana, katikati pamebonyea kama sinia. Maji yatapita juu kwa saa kadhaa, kisha patakauka na baiskeli ipite. Kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya njia, ni nzuri zaidi lakini inazibwa na takataka, na nani atakayeizibua kila wiki?

Hapo sasa ndipo changarawe inapoingia, na huenda lori 2 zikatosha. Inueni njia, upana mita 2 kwa uchache, maana baiskeli yenye matenga inakaribia mita nzima na mtakutana na mwenzenu. Katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 5. Mwageni tabaka la sentimita 10, rashieni maji, shindilieni, ndipo mwage la pili. Na tafadhali, makumbi ya nazi msitie. Naona kila mahali watu wanajaza mashimo kwa makumbi. Yanaoza, yanafyonza maji, mwaka wa pili shimo ni kubwa zaidi. Kazi hii ifanyeni wakati wa kaskazi, ikamilike kabla ya Aprili.

Kuhusu seng'enge. Kwanza nendeni kwa jirani huyo na mzee wa kijiji, mkiwa na kamba ya mita 2, mumwonyeshe ni kiasi gani tu cha kurudisha ua nyuma. Wengi wanaonunua shamba hawajui kwamba kulikuwa na njia. Lakini msimwandikie barua ya kuomba ruhusa ya kupita. Sheria ya Kenya ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, kifungu cha 32, inaipa haki njia iliyotumiwa kwa amani na waziwazi, kama haki, yaani bila kuomba ruhusa, miaka 20 bila kukatizwa. Mkiomba ruhusa leo, kesho ataonekana mtu aliyewafanyia hisani. Tafuteni wazee waliopita hapo tangu ujana, maneno yao yaandikwe na kutiwa saini, kisha mwoneni wakili. Msikawie, na seng'enge ya watu msiikate.

Kaunti nayo msiiache. Katiba ya 2010 imeipa barabara za kaunti, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge hilo kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayekwenda kwa mwakilishi wa wadi mwezi Mei amekuta chungu kimeshaepuliwa. Nenda Julai au Agosti, na usiende na malalamiko matupu. Kaeni njiani asubuhi moja, saa 12 hadi saa 4, mhesabu: wanafunzi wangapi, baiskeli ngapi, wenye mizigo wangapi. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko hotuba ya baraza zima.

SWALI: Babu, shikamoo. Tuktuk zilikuwa zikiharibu njia yetu ya kwenda shuleni, wanakijiji wakalaza gogo. Sasa binti yangu wa kiti cha magurudumu hapiti. – Mama, Mambrui

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Gogo liondolewe leo. Simikeni nguzo mbili zilizoachana mita 1.2. Kiti cha binti yako kitapita, na baiskeli yenye mzigo itapita, lakini tuktuk haitoshi. Pikipiki itapenya, hilo ni la kukubaliana na vijana wa bodaboda wenyewe kwenye stendi yao. Nguzo zipakeni chokaa, watoto wanatoka nyumbani bado kuna giza.