Meza ya kujazia risasi katika nafasi finyu: iwe nzito, na iwe tupu

Ndugu, umeeleza kwamba wewe ni mlenga shabaha mwenye kibali, unaishi katika nyumba ya vyumba viwili, na pembe pekee unayoweza kuitenga ina upana wa sentimita 90. Umeuliza kama hapo panaweza kuwekwa meza ya kujazia upya maganda ya risasi. Panaweza. Mimi nimeifanya kazi hii kwa miaka kumi na mmoja juu ya meza ya sentimita 80 kwa 50, na sijawahi kukwama kwa sababu ya udogo wake. Nilikwama kwa sababu nyingine, na hizo ndizo ninazotaka kukueleza.

Kabla hujanunua hata bolti moja, soma sheria ya mahali ulipo. Kibali cha kumiliki bunduki si lazima kiwe kibali cha kujaza risasi: ziko nchi zinazoruhusu bila masharti mengi, ziko zinazodai kibali cha pekee cha kuweka baruti na fataki (viwashio vya risasi) nyumbani, na ziko zinazokataza kabisa. Kama umepanga, soma pia mkataba wako wa pango na masharti ya bima ya moto.

Sasa meza yenyewe. Mashine ya kushindilia hufanya kazi kwa wenzo mrefu, na unapolirudisha ganda la bunduki katika umbo lake ndani ya kalibu, yaani kifaa cha chuma chenye umbo la ganda kinachofungwa kwenye mashine, nguvu unayoivuta chini huifanya mashine itake kupinduka kuelekea kwako pamoja na ubao ulioishikilia. Mwanzoni niliifunga mashine kwenye meza ya kawaida ya kusomea, ambayo kwa macho ilionekana imara. Kila nilipovuta, ubao ulijipinda milimita mbili au tatu kisha ukarudi, na kwa kuwa nilikuwa sijui hali nyingine, niliona ndivyo inavyopaswa kuwa. Tatizo lilijitokeza kwenye upachikaji wa fataki, yaani kile kikombe kidogo kinachokaa kwenye kitako cha ganda na kuiwasha baruti kinapogongwa. Fataki hupachikwa kwa hisia ya mkono: unaisikia inaingia, kisha unaisikia imefika mwisho. Meza inayojipinda huiua hisia hiyo, kwa sababu mkono hauwezi kutofautisha fataki iliyofika mwisho na ubao ulioanza kusalimu amri. Nilipopitisha kidole kwenye vitako vya risasi nilizokuwa nimekwisha kuzimaliza, niligundua nyingi zina fataki zilizochomoza, nikalazimika kuzifungua zote arobaini, moja baada ya moja. Fataki iliyochomoza inaweza kukataa kuwaka, na katika baadhi ya silaha inaweza kuwaka kabla mtambo haujajifunga sawasawa.

Meza niliyoijenga baada ya hapo ina uso wa plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa kwa gundi, na miguu ya mbao nene iliyoungwa kwa bolti, si kwa misumari. Mashine imefungwa kwa bolti zinazopenya unene wote wa uso, na chini yake kuna bamba la chuma ili nati zisiuzamie ubao. Iko juu ya mguu wenyewe, wala si katikati ya meza ambako ubao hauna kitu cha kuegemea. Kama unaruhusiwa kutoboa ukuta, funga ubao wa nyuma wa meza ukutani. Kama huruhusiwi, weka rafu chini karibu na sakafu na uipakie mifuko ya mchanga pamoja na masanduku ya vichwa vya risasi, ambavyo kwa uzito wake ni nanga nzuri kuliko unavyodhani. Mashine na isimame kwanza kwa vibano, uuvute wenzo mwendo wake wote kuanzia juu hadi chini, uangalie kama goti lako, ukuta au droo inauzuia. Matundu yatobolewe baada ya hapo.

Kuhusu aina ya mashine, kwa pembe yako ningechagua ile ya hatua moja, inayofanya kitendo kimoja kwa kila mvuto. Ni kweli kwamba zile za hatua nyingi hutoa risasi kamili kwa kila mvuto, lakini zinataka macho yawe mahali panne au patano kwa wakati mmoja, na katika nafasi finyu huwezi hata kuinama ukaona ndani ya ganda. Kalibu nyingi zina hesi ya kipimo kimoja, inchi 7/8 yenye nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo ulizonazo zitaingia hata ukibadilisha mashine baadaye.

Mizani isikae juu ya meza hiyo. Huu ni ushauri ambao laiti ningepewa mapema. Baruti hupimwa kwa greni, na gramu moja ni greni 15.43, kwa hiyo unashughulika na uzito ambao upepo wa feni unaweza kuuhamisha. Kwa bastola inayotumia takriban greni 4, kosa la nusu greni ni zaidi ya asilimia 12 ya kipimo chote. Nimeweka mizani yangu kwenye rafu ndogo iliyofungwa ukutani, usawa wa macho, mbali na mtetemo wa mashine. Feni huzimwa, mizani ya kidijitali huachwa ipate joto kwanza, na kabla ya kuanza huwa naijaribu kwa vijiwe vya uzito unaojulikana. Vipimo vyenyewe chukua kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, uanze na kile cha chini. Mimi sitakupa vyangu, kwa sababu bunduki yako si yangu.

Nimesema meza iwe tupu. Wakati wa kujaza, juu yake pawe na kopo moja tu la baruti, lile linalotumika, na mengine yote yawe kabatini. Baruti mbili zinaweza kufanana kwa macho huku kasi za kuungua kwake zikitofautiana vibaya sana. Usiku mmoja nilipokea simu katikati ya kazi, na niliporudi sikuweza kuapa kama ganda lililokuwa mbele yangu lilikuwa limekwisha kupata baruti. Ganda la bastola mara nyingi lina nafasi ya kubeba vipimo viwili bila kumwagika, na vipimo viwili vinaweza kuupasua mtutu mkononi mwako. Nilimwaga yote nikaanza upya. Tangu siku hiyo, maganda yote ya mkupuo mmoja husimama kwenye kibao chenye matundu, yakipata baruti kwa mstari, na kabla ya kichwa kimoja kupachikwa naimulika tochi ndani ya kila ganda kulinganisha kimo cha baruti. Simu hubaki chumba kingine.

Kazi ikiisha, baruti iliyobaki kwenye kipimio hurudi kwenye kopo lake la asili siku hiyo hiyo. Makopo yakae katika kabati la mbao, mahali pakavu na pasipo joto, wala usiyafungie ndani ya sanduku zito la chuma lisilopumua: baruti isiyo na moshi, yaani hii ya kisasa tunayoijaza, ikiungua mahali pa wazi huwaka kwa kasi tu, bali ikibanwa hujenga shinikizo linaloligeuza sanduku kuwa bomu. Fataki zikae mbali na baruti, ndani ya vifungashio vyake, vilivyoundwa kuzitenganisha ili moja ikiwaka isiziwashe zote. Usizimimine kamwe kwenye chupa.

Jambo la mwisho ni vumbi, na katika nyumba ndogo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Fataki nyingi zina misombo ya risasi, nikimaanisha madini yenyewe, na masalia yake hubaki ndani ya maganda yaliyokwisha kutumika. Ukiyasafisha kwa mashine ya kutikisia yenye magunzi yaliyosagwa, vumbi hilo huenea hadi kwenye chakula na matandiko. Mimi huyaosha kwa maji, tena nje ya nyumba, kisha nafuta meza kwa kitambaa chenye unyevu na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitu kingine. Watoto hawaingii hapo, na pana kufuli.

Kwa sentimita zako 90, ikiwa unavuta kwa mkono wa kulia, ningeweka mashine juu ya mguu wa kulia na kuacha nafasi ya kiwiko kama kuna ukuta upande huo, kibao cha maganda kushoto kwake, na rafu ya mizani kushoto zaidi, juu ukutani, ambako kivuli cha mkono hakifiki.