Uliza Shangazi wa Tovuti: Saa tatu yetu si saa tatu ya Mtaliano

Swali: Shikamoo Shangazi. Sisi ni familia, tunatembeza wageni katika shamba letu la viungo Kizimbani, Unguja. Shamba ni la baba, tovuti ni kazi yangu. Tulianza na Kiingereza peke yake. Mwaka huu nikaongeza Kitaliano, Kijerumani na Kiarabu, hicho cha mwisho kwa ajili ya wageni wa kutoka Oman. Nilitumia programu ya kutafsiri, nikapanga bendera tatu juu ya ukurasa. Wanaofungua wameongezeka, ila wanaoagiza ziara ni walewale, na wa Kiarabu hajatuandikia hata mmoja. Nimekosea wapi? Na kuna haja ya Kiswahili, ikiwa wageni wenyewe si wa hapa?
*Kijana wa Kizimbani*

Jibu: Marahaba mwanangu. Nimeifungua tovuti yenu kwa simu, nimekaa barazani na kahawa yangu, nikazipitia lugha zote nne. Kabla sijakusema, nikusimulie la kwangu kwanza.

Nilikuwa mapokezi katika nyumba moja ya wageni Mji Mkongwe. Nilikuwa nimejifunza Kitaliano cha kubahatisha, basi bosi akanipa ratiba ya safari za pwani niitafsiri. Ratiba ilisema gari linaondoka saa 3 asubuhi. Nikaandika "alle 3 del mattino", nikaibandika ukutani, nikaenda zangu nyumbani. Kesho yake nilipofika kazini mlinzi hakuniitikia salamu. Saa tisa ya usiku Wataliano sita walikuwa wamejipanga getini, kofia vichwani, mafuta ya jua yameshapakwa, wanamuuliza gari liko wapi. Nilikuwa sijakosea neno hata moja. Nilisahau tu kwamba saa za asubuhi sisi tunazihesabu tangu jua linapochomoza na wao wanazihesabu tangu usiku wa manane. Tangu hapo sitafsiri saa, naitazama kwanza kwenye uso wa saa ya ukutani. Na wewe ziara yako ya "saa 2" nimeikuta kwenye kurasa zote imebaki 2:00. Andika 8:00, leo hii, kabla hujaendelea kusoma.

Umeendelea kusoma, najua.

Haya, tuje kwenye karafuu, kwa kuwa ndiyo biashara yenyewe. Kwa Kijerumani programu yako imeandika Nelken. Neno lipo na karafuu ni mojawapo ya maana zake, lakini Nelken vilevile ni yale maua ya kutia kwenye chombo mezani, na picha uliyoiweka juu ni ya mti uliochanua, kwa hiyo mtu ana haki ya kudhani mnapanda maua. Andika Gewürznelken, Nelken za viungo. Kwa Kitaliano karafuu ni chiodi di garofano, yaani misumari ya ua hilohilo la mezani. Kwenye kitufe chako jina halikutosha, likakatwa, limebaki "chiodi". Misumari. Mgeni amekuja kutafuta viungo mnamfungulia duka la vifaa vya ujenzi. Kwa Kiarabu umepona, maana neno letu lenyewe tumelichukua huko: qaranful.

Kukatwa kwa majina kutakusumbua zaidi kwenye Kijerumani, maana wenzetu wale huunganisha maneno mpaka kitufe kinapasuka. Viache vitufe vitanuke kufuata maandishi, usivipe upana wa kudumu. Na bei zilizo ndani ya lile bango zitoe zikae kama maandishi ya kawaida. Picha haitafsiriki.

Sasa Kiarabu, na kwa nini simu imekaa kimya. Ukurasa wenyewe umegeuka vizuri, unaanzia kulia, hongera. Namba yenu ya simu ndiyo iliyoharibika. Umeiandika kwa mafungu, yenye nafasi katikati, na katika mstari unaokwenda kutoka kulia kompyuta imeyapanga mafungu hayo kinyume: tarakimu tatu za mwisho zimetangulia, na 255 imekwenda mwisho, alama ya kujumlisha ikiwa nyuma yake. Mgeni wa Muscat akiinakili kama anavyoiona, hampati mtu. Kwenye msimbo wa tovuti (code) izungushie namba hiyo agizo la dir="ltr", itakaa sawa. Tena weka kitufe cha WhatsApp, asilazimike kunakili chochote.

Na ile bendera ya Saudi Arabia juu ya Kiarabu! Mwomani afungue mlango wenye bendera ya jirani? Mswisi na Mwaustria nao wanasoma Kijerumani na bendera ile si yao. Toa bendera zote, andika majina ya lugha kama wenyewe wanavyoyaandika: Italiano, Deutsch, العربية. Kila lugha ipe anwani yake ndani ya tovuti, na kwenye msimbo utumie alama ya hreflang ili injini ya kutafutia ijue ukurasa upi ni wa nani. Na acha ule mtindo wa kubahatisha lugha kwa kuangalia mtu yuko nchi gani. Wageni wenu wengi wanaifungua tovuti wakiwa wameshafika Unguja.

Bei za pakiti umezigeuza kwa sarafu ya kila mgeni, nimependa. Lakini umetumia nukta moja kwa wote. Rial ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo 3.500 anaisoma rial tatu na nusu, sawa kabisa. Ukaja kwa Mjerumani ukaandika iliki euro 8.500, na yeye nukta ndiyo anayotengia maelfu, senti anazitangulizia koma. Amesoma euro elfu nane na mia tano. Kwa pakiti ya iliki. Sishangai kwamba hakuagiza.

Yote hayo utayamaliza kwa siku mbili. Lililobaki ndilo zito. Nilijifanya mgeni, nikawaandikia kwa Kitaliano kwenye fomu yenu: nina watoto wawili, kuna kivuli, na chakula cha mchana kina pilipili? Nikajibiwa baada ya siku mbili, kwa Kiingereza, nimetumiwa orodha ya bei. Mwanangu, ukiandika ukurasa kwa lugha ya mtu umeshamwambia kuna anayeisema ndani. Wa kukujibia Kitaliano umpate Kiwengwa, kule vijana wanakisema kama maji kwa kukaa na mahoteli ya Wataliano. Kuandika wengi hawakuzoea, lakini ujumbe wa sauti wanaumudu, na wageni wale nilivyowaona mimi wanapenda sauti kuliko maandishi. Mlipe kwa kila ujumbe. Akikaa, mpe na kazi ya kusoma ukurasa mzima kwa sauti mbele ya mgeni mmoja wa Kitaliano, wewe ukiangalia sura ya mgeni. Pale anapocheka, sahihisha.

Kijerumani mna wa kukijibu? Kama hamna, acha ukurasa lakini juu kabisa andika kwa Kijerumani: tunajibu kwa Kiingereza. Hawatachukia. Wanachukia kutokujua. Nilipokuwa mapokezi, wao ndio walioniuliza ziara ni saa ngapi hasa, watu wangapi kwenye gari, nikighairi narudishiwa kiasi gani. Kwao biashara yenye tovuti hulazimika kisheria kuweka jina la mhusika, anwani na mawasiliano kwenye ukurasa unaoitwa Impressum. Sheria hiyo haikufuati Kizimbani, ila jicho lao limezoea kuutafuta chini kule. Uweke, mistari mitano inatosha. Halafu wana "wewe" mbili, ya heshima na ya kirafiki, nawe umezichanganya katika aya moja; chagua Sie ubaki nayo.

Hadithi ya shamba usiifanye moja kwa wote. Mwomani mtajie Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar aliyeisukuma karafuu hapa, na iliki yako itangulie picha zote, maana ndiyo inayonukia kwenye kahawa ya kwao. Mjerumani mwambie habari za Bibi Salme, binti wa huyohuyo Sayyid, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg. Hamamu ya baba yake ipo Kidichi, jirani zenu. Lakini nimeona ukurasa wa Kiingereza unaeleza watumwa waliopanda mikarafuu, na wa Kiarabu umekaa kimya. Hapo sikubaliani nawe. Unaweza kubadili unapoanzia, huwezi kumfutia mtu historia kwa kuwa unaogopa atakasirika. Irudishe.

Na Kiswahili? Umeniuliza kana kwamba ni pambo. Muscat kuna nyumba nyingi ambamo bibi bado anagombeza wajukuu kwa Kiswahili cha Unguja, na bibi ndiye anayeamua safari. Kuna shule za bara zinazoleta wanafunzi, kuna watu wa Dar wanaokuja sikukuu. Kiswahili chenu ndicho pekee msichohitaji kumlipa mtu akijibu. Kiandike mwenyewe, usikipitishe kwenye programu. Kwenye tovuti nyingine niliona "Kitabu sasa" pale palipotakiwa "Agiza ziara", nikaziba macho. Weka na bei ya wenyeji. Na uueleze mzingifuri, ule mti wa mbegu za rangi nyekundu, kama baba anavyoueleza shambani, na vidole vyake vyekundu.

Swali: Shangazi, mimi natengeneza viatu vya ngozi na vya matairi Arusha. Nimetengeneza ukurasa kwa wateja wa Nairobi, lugha ni hiihii moja, lakini wanaona bei wanakimbia. Nipunguze?
*Fundi wa Arusha*

Jibu: Usipunguze kitu, fundi. Umeandika "Sh 45,000". Wewe umesoma yako, Mkenya amesoma yake, na shilingi moja ya kwao inanunua nyingi za kwetu. Andika KSh na bei ya huko. Kisha nimeona unauza "katambuga". Nairobi viatu hivyo vya tairi huitwa akala, na kwa neno lako hakuna atakayekutafuta. Weka yote mawili. Umewaelekeza pia walipie kwa Lipa Namba, nao wamezoea namba ya till. M-Pesa ipo kwao na kwetu, kwa hiyo kila mmoja anadhani mwenziwe anaelewa. Jaribu kwanza kwa kumwomba rafiki wa Namanga, pale mpakani, upande wa Kenya, akutumie shilingi mia, umwone anakwama wapi.