"Duty" ya Bandarini Si Wajibu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeagiza viatu vya kuuza kutoka nje, na karatasi ya madai niliyopewa ina maneno "import duty". Mwanangu aliyatafsiri kwa simu akapata "wajibu wa kuingiza", na kamusi yangu inasema "duty" ni wajibu au zamu. Je, hilo deni ni wajibu, ushuru au kodi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kamusi yako haikukosea, ila imekupa nusu ya neno. "Duty" liliingia katika Kiingereza kwa njia ya Kifaransa cha watawala wa Uingereza wa zama za kati, na maana yake ya asili ni kile mtu anachodaiwa. Anayedaiwa utumishi ana "duty", na anayedaiwa fedha kwa sababu ya mzigo wake ana "duty" vilevile. Sisi tumeyatenganisha mambo hayo: muuguzi yuko zamu, mzazi ana wajibu kwa mwanawe, na mzigo hulipiwa ushuru.

Kwa hiyo tazama neno lililo jirani. "Import duty" ni ushuru wa forodha unaotozwa bidhaa ziingiazo nchini. "Excise duty" ni ushuru wa bidhaa, unaotozwa vitu maalumu kama bia na sigara hata vikitengenezwa hapa hapa. Na "stamp duty" ni ushuru wa stempu, unaolipiwa hati kama za kuuziana ardhi.

Neno ushuru lenyewe lina asili ya Kiarabu, kwa maana ya sehemu ya kumi, na ni ndugu wa ishirini tunayohesabia kila siku. Hata hivyo viwango vya leo si fungu la kumi tu. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005 uliweka viwango vikuu vya asilimia 0, 10 na 25, na mwaka 2022 kikaongezwa cha asilimia 35.

Tuseme mzigo wako, pamoja na bima na nauli yake, umethaminiwa kuwa shilingi 1,000,000 na umeangukia asilimia 25. Ushuru wa forodha ni shilingi 250,000. Kisha huja Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kwa asilimia 18 haikokotolewi kwenye milioni moja bali kwenye 1,250,000, nayo ni shilingi 225,000, mbali na tozo nyingine. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wafanyabiashara wengi wadogo husoma mstari wa "duty" wakidhani ndiyo jumla ya deni, wakafika bandarini na fedha pungufu.

Kuhusu kodi, kwetu Tanzania ndilo jina pana, na ushuru ni aina mojawapo. Nchini Kenya, ushuru mara nyingi hubeba maana hiyo pana, na kodi humkumbusha mtu pango la nyumba. Basi mteja wa Mombasa akikuuliza kama bei yako imejumlisha ushuru, mwulize kwanza kama anakusudia ule wa forodha au makato yote ya serikali.