Muulize Fundi: Majivu ya pumba kwenye matofali

*Shikamoo mzee. Nafyatua matofali ya saruji hapa Ihumwa, na saruji inanimaliza mtaji. Kuna jamaa ana majivu ya pumba za mpunga kutoka Bahi, mwingine ananiuzia slagi (masalia magumu yanayobaki chuma kikiyeyushwa) ya tanuru la vyuma chakavu. Naweza kuchanganya?*
*Mfyatuaji, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Majivu ndiyo, kwa masharti. Slagi hiyo iache.

Slagi inayofaa kwenye saruji hutoka kwenye tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma, ikapozwa ghafla kwa maji, kisha ikasagwa laini. Ya vyuma chakavu ni kitu kingine, na inaweza kuvimba ikiwa ndani ya ukuta.

Tuje kwenye majivu. Saruji ikikutana na maji huachia chokaa. Silika, madini yaliyomo kwenye majivu, huishika chokaa hiyo, ikazaliwa gundi nyingine. Lakini pumba ziwe zimeungua kwa moto wa wastani, nyuzi za Selsiasi 500 hadi 700 hivi. Weka kidogo kiganjani uangalie. Meusi bado yana kaboni, yatakunywa maji ya mchanganyiko wako. Ya kijivu ndiyo unayotaka. Yasage (vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu), uyachekeche, upime kwa kilo. Usipime kwa ndoo, maana majivu ni mepesi mno. Anza na kilo 5 za majivu kwa kilo 45 za saruji.

Kwanza lakini soma mfuko wa saruji, aina yake huandikwa hapo. Ukikuta CEM II/B, kiwandani wameshachanganya vitu vingine, asilimia 21 hadi 35. CEM IV nayo imeshachanganywa. Hapo usiongeze chochote. Tafuta CEM I, ambayo karibu yote ni saruji tupu.

Ninachokihofia zaidi ni maji. Matofali yenye majivu hukomaa polepole, na upepo wetu wa kiangazi huyakausha yangali machanga; ukikwaruza pembe kwa kucha, inamomonyoka. Yafunike kwa turubai, yamwagilie asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Kama maji unanunua kwa madumu na huwezi kumudu hilo, baki na saruji tupu, nakusihi.

Fyatua machache yenye majivu na machache yasiyo nayo, uyapeleke maabara yakavunjwe. Usiyahukumu kwa siku 7, subiri 28. Mpaka majibu yatoke, usimuuzie mtu hata moja la kujengea nyumba ya kulala watoto.