Biashara ya seva za gemu ni biashara ya usiku

Haupiti mwezi bila kijana mmoja kuniuliza: "Ami, nina laki moja, nataka kuhosti seva za gemu kama wewe. Ninunue mashine gani?" Mimi humuuliza kwanza analala saa ngapi. Wengi hudhani nawafanyia mzaha. Seva ni kompyuta isiyozimwa ambayo wachezaji huiingia kwa intaneti wacheze pamoja, na kuhosti ni kuiendesha na kuikodisha.

Wateja wangu ni wanafunzi wa sekondari na vijana wa chuo wa hapa Mombasa, kuanzia Tudor hadi Bombolulu, na kabla ya saa tatu usiku hawaonekani. Ramadhani ndiyo usiseme. Wakitoka tarawehe wanaingia, hawatoki mpaka mama agonge mlango wa daku. Seva ikianguka saa saba na nusu usiku, simu inayolia ni yako. Kama wewe ni mtu wa kuzima simu ukilala, hiyo laki fungulia kibanda cha chaji na kava za simu pale Mwembe Tayari. Kibanda hufungwa jioni.

Ukiwa bado upo, tazama wanacheza nini. Hapa ndipo nilipopotezea miezi yangu ya kwanza. Vijana unaowaona barazani wameinamia simu, wengi wako kwenye eFootball, Free Fire, PUBG Mobile au Call of Duty: Mobile. Hizo huwezi kuzihosti. Waliozitengeneza ndio wanaoendesha seva zake, na programu ya seva hawampi mtu wa nje. Kwa hiyo ile hesabu ya "mtaa mzima unacheza gemu" ifute. Soko lako ni gemu zinazomruhusu mtu kuwa na seva yake: Minecraft, Counter-Strike 2, Rust, ARK na jamaa zake. Kwangu mimi, kusema kweli, Minecraft, gemu ya kujenga ulimwengu kwa matofali, ndiyo wali, hizo nyingine ni kachumbari.

Na Minecraft yenyewe ina milango miwili. Toleo la Java ni la kompyuta, na kompyuta si kila nyumba inayo. Wenye simu wana toleo la Bedrock, na matoleo haya hayaelewani. Kuna plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea kwenye seva, inaitwa Geyser ambayo hukaa katikati kama mkalimani, mwenye simu akaingia kwenye seva ya Java pamoja na wenzake. Poti, yaani tundu ambalo wachezaji huingilia, huwa na nambari na namna yake ya kusafirisha data: ya Java ni 25565 kwa TCP, ya Bedrock ni 19132 kwa UDP. Wengi huisahau hii ya pili, kisha hushinda siku mbili wakilaumu plagini. Nilipoifungua mimi, seva iliyokuwa na watu sita kwa usiku ilifika kumi na tisa ndani ya wiki, na sikununua hata waya.

Sasa hiyo mashine. Ya kwanza niliinunua ya mtumba, kompyuta ya ofisi, nikaiweka juu ya kabati chumbani kwetu Majengo. Usifanye hivyo. Kaskazi ya Mombasa na feni moja, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hujipunguzia kasi yenyewe isiungue, na wachezaji huhisi. Hewa ya chumvi nayo ina kazi yake: baada ya mwaka nilifungua kasha nikakuta skrubu zimeota kutu. Habari za stima sina haja ya kumweleza mtu wa hapa. Lakini kilichonitoa chumbani hasa ni anwani. Intaneti ya nyumbani mara nyingi hukuweka wewe na majirani chungu nzima nyuma ya anwani moja ya IP, ile nambari inayokutambulisha mtandaoni, na aliye nje hana njia ya kukufikia. Nikalipia kifurushi cha biashara ili nipate anwani yangu mwenyewe. Bili yake ikazidi kodi ya mashine nzima ya Ulaya.

Nikakodi Ujerumani. Dola 60 kwa mwezi, rami (kumbukumbu ya kazi) giga 64, diski za kasi za NVMe, na kinga ya mashambulizi ya mtandaoni humo humo. Unacholipa zaidi ni umbali. Mwanga ndani ya waya husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka hapa uzame baharini, upite Bahari ya Shamu, uibukie Ulaya, kisha urudi njia hiyo hiyo, siku njema mimi hupata pingi, yaani muda wa kwenda na kurudi, ya milisekunde 150 hivi. Anayejenga nyumba kwenye Minecraft hana habari nayo. Wa Counter-Strike anakufa kabla hajamwona aliyempiga. Niliwauzia hao pia, tamaa tu, na maneno waliyonirudishia siyaandiki hapa.

Gemu za risasi ziweke Nairobi au hapa hapa. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM, TEAMS na EASSy, zote huingia nchini kupitia Mombasa, na pale Miritini kuna kituo cha data cha iColo. Bei ni nyingine kabisa, kwa hiyo nenda huko ukiwa na timu zilizokwisha kulipa, si zilizoahidi. Faida yake niliiona Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikalegea Afrika Mashariki yote. Walio kwenye mashine ya Ujerumani walikuwa wakiingia na kutupwa nje usiku kucha. Wachache niliokuwa nao Nairobi waliniuliza ni kelele gani hizo.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: unanunua kwa dola, unauza kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika shilingi 160 hivi. Mashine yangu ya dola 60 ikawa 9,600. Wateja walikuwa ishirini na wawili, kila mmoja 150 kwa wiki, kwa hiyo wiki nne zilileta 13,200. Toa kodi, toa bando, toa ile wiki ambayo watatu "watalipa Ijumaa", nikabaki na nauli ya tuktuk. Miezi michache baadaye dola ilirudi kama 130 na mashine ile ile ikawa 7,800. Sikuwa nimefanya lolote la busara hapo katikati. Tangu siku hizo naweka akiba ya kodi ya miezi miwili, na bei naipanga kana kwamba dola bado iko 160.

Umeona nimesema kwa wiki. Kampuni nyingi za ng'ambo huuza kwa mwezi na hutaka kadi ya benki. Mtoto wa miaka kumi na sita wa Kisauni hana kadi, ana mama mwenye M-Pesa. Hapo tu ndipo unapowazidi wale wakubwa. Kwingine kote wana mashine nzuri kuliko zako. Anza na nambari ya Till, ile ya kupokelea malipo ya M-Pesa, na daftari. Wakishapita thelathini, unganisha na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu yako na M-Pesa, ili malipo yakiingia seva ijiwashe yenyewe, la sivyo utakuwa ukisoma meseji za M-Pesa hadi usingizini. Na huyo mama mjue mapema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla hujaweka taarifa za mtoto, na nje ya sheria, mama anayejua analipia nini halaumu wala hadai pesa zake. Jina la biashara unalisajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kibali unachukua kaunti. Hayo hayana hadithi.

Kwenye rami ndipo watu hudanganyana. Mteja atakuuliza "giga ngapi?" kama anayenunua mchele kwa kilo. Minecraft huhesabu ulimwengu wake mara ishirini kwa sekunde, yaani kila hesabu ina milisekunde 50, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kiini kimoja tu cha prosesa. Hesabu ikichelewa, ng'ombe wanatembea kama walevi na tofali ulilovunja linarudi. Hata ukimwaga rami giga 32 hapo, haisaidii. Kwa hiyo unapokodi, tazama kasi ya kiini kimoja kabla ya kuhesabu viini vingapi. Prosesa za zamani za seva zenye viini ishirini vya polepole ni rahisi kwa sababu hiyo. Mimi natumia Paper badala ya programu ya seva ya kawaida, na wateja wote nimewatenga kwa Pterodactyl, ambayo ni ya bure na humfungia kila mmoja ndani ya kontena lake, yaani chumba chake ndani ya mashine, ili mwenye mods (nyongeza za gemu) arobaini asimlie jirani rami yake. Kuna wanaouza rami giga 128 juu ya mashine ya 64 wakitumaini hawataingia wote kwa pamoja. Wataingia. Ijumaa usiku wataingia wote.

Mashambulizi yatakuja pia, na usidhani ni wahalifu wa Urusi. Langu la kwanza lilitoka kwa mvulana aliyefukuzwa kwenye seva ya rafiki yake kwa kuiba almasi. Alilipa vijipesa kwenye tovuti fulani, wakanifurikisha pakiti za UDP, data za takataka, mpaka seva zote kumi na tano zikazama pamoja na ya rafiki yake. Ndiyo maana mashine ya Ulaya yenye kinga siiachi hata leo, japo iko mbali. Mvulana mwenyewe nilimjua, maana alitangaza. Nikampigia simu, tukaongea, akawa mteja. Si kila mara huisha hivyo.

Nimeliacha mwisho lile ambalo sipendi kulisimulia. Vijana wanane wa Mji wa Kale walikuwa wakijenga Ngome, Fort Jesus yenyewe, tofali kwa tofali, na jioni walikuwa wakienda kuhesabu hatua kwenye kuta halisi. Miezi minane. Mashine ilikuwa na diski mbili zilizoandika kitu kimoja, nami nikajiona nimejikinga. Usiku mmoja nikiwa na usingizi nilifuta folda ya mteja aliyeacha kulipa, nikakosea herufi moja. Diski mbili zikatii amri moja. Diski pacha hukuokoa diski inapokufa. Dhidi ya mkono wako mwenyewe haikuokoi.

Mkubwa wao alinipigia saa kumi kasoro usiku. Hakutukana. Aliuliza tu, "Ami, Ngome iko wapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba ni mimi, si shambulio wala si stima. Niliwapa miezi sita bure, ambayo hawakuiomba. Wawili hawakurudi.

Siku hizi nakala rudufu hutoka nje ya mashine kila alfajiri na kwenda kwa kampuni nyingine, nchi nyingine, na kila Jumapili nachukua nakala moja nairejesha kwenye seva tupu niingie mwenyewe, nitembee ndani. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu.

Sita waliobaki wameanza upya. Safari hii wanasema ile ya kwanza walikosea upana wa handaki, wameupima tena. Jumapili iliyopita nilipoingia kwenye nakala yao nilikuta wamefika ukuta wa upande wa bahari, na mmoja ameacha kibao langoni: "Ami usiguse."